Mwanangu hendi Malindi

Wengi waliotucheka kwa kukaa Mnarani hawajawahi kulala huko. Walikuwa wapita njia tu. Walishuka kwenye magari yao kusubiri feri ya kuvuka kwenda Kilifi, wakanunua korosho, wakatutazama sisi wenye nyumba za makuti kando ya hori, wakatuhurumia. Huruma ya mpita njia mimi siitaki. Nilikulia Malindi mjini, katika nyumba ya mawe ya watu waliotoka visiwa vya kaskazini, na humo mtoto akikanyaga baraza tu aitwa arudi ndani. Nikaolewa na fundi wa mashine za feri, nikahamia Mnarani, na sikujuta hata siku moja.

Nijute nini? Maji ya hori hayana mawimbi ya kutisha. Yakitoka, watoto hushuka kwenye tope la mikoko kusaka kaa, wakarudi wamepakaa mpaka nyusi. Shule waliiendea kwa miguu. Mwanangu akianguka, habari zilinifikia kidonda kimeshaoshwa, na mara nyingine ameshakula chakula cha mchana cha nyumba ya watu. Mama aliyemkuta mtoto wako akirusha mawe alimtandika, na jioni ukimshukuru. Waliozoea kufungia watoto ndani waliita hayo uholela. Mimi niliyaita malezi, na bado nayaita hivyo.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mgiriama wa Tezo, Mkristo, msusi wa makuti. Tulijifungua mwezi mmoja, yeye mvulana, mimi msichana, mtoto wangu wa pili. Homa ikanishika kitandani, maziwa yakakauka. Hakuna aliyemtuma. Aliingia, akamchukua binti yangu, akamweka kwenye titi la pili huku wake yuko kwenye la kwanza. Akawanyonyesha wote wawili mpaka nikainuka. Kisha akarudi kwenye makuti yake, wala hatukulizungumza tena.

Binti alikuwa ameanza shule mwaka ule walipoanza kusimamisha nguzo za daraja la kuvukia hori. Ndipo wifi yangu alipokuja kutoka Malindi. Huyu ndiye dada mkubwa wa mume wangu, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, kwa hiyo neno lake nyumbani kwetu lilikuwa zito. Wanawe wote wa kiume walikuwa wamekwenda Uarabuni, na nyumba yake kubwa ilikuwa kimya. Alikuja na haluwa na gauni jipya la binti yangu. Nilipoliona lile gauni, nilijua alilolijia.

Kwetu mtoto haombwi kama chumvi. Anayemtaka huja na zawadi, huketi, husifu tabia za mtoto, kisha husema, "Huyu nipeni nimlee." Anayeombwa na mkubwa wake hakatai. Akikataa, amemtemea mate usoni.

Wifi aliketi, akasifu, akasema.

Mume wangu aliutazama mkeka. "Daraja likiisha, feri itaondoka," alisema. "Sijui nitafanya kazi gani. Pengine ni heri, mama watoto."

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka moto. Feri iondoke, kazi iondoke, sawa. Mtoto ana kosa gani?

"Mwanangu hendi," nilisema.

Wifi alitabasamu kwa upole, kama mtu anayemsubiri mgonjwa ameze dawa. "Wifi yangu, wahenga wamesema, mkono mmoja haulei mwana."

"Kweli, wifi. Na hapa mikono imejaa tele."

"Mikono ya nani? Hawa majirani?"

Jirani yangu alikuwa mlangoni. Alikuja kumwita mwanawe, aliyekuwa uani akicheza na binti yangu, na maneno yote aliyasikia. Aliingia, akaketi kwenye mkeka bila kukaribishwa.

"Shikamoo, dada," alisema. "Baba umemuuliza, mama umemuuliza. Na mino je, mimi? Mtoto huyu nimemnyonyesha mimi."

Wifi alinigeukia. "Ati kweli?"

"Kweli, wifi. Nilipokuwa mgonjwa."

Wifi alikuwa mwanamke wa dini, akisomesha Kurani wasichana nyumbani kwake, wala hakuhitaji kufunzwa na mtu. Mama aliyekunyonyesha ni mama yako, awe wa dini yako au nyingine. Wanawe ni ndugu zako, na kuoana nao ni haramu. Wifi alikuwa amemdhania jirani aliyekuja kuazima kinu.

"Alinyonya mara ngapi?" aliuliza, maana dini huhesabu minyonyo, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

Jirani alicheka. "Mtoto na titi, dada! Nani ahesabu?"

Nilidhani yamekwisha. Lakini wifi alijitanda buibui lake vizuri, akamgeukia jirani yangu, akasema kwa heshima zote, "Basi nakuomba wewe. Nipe."

Mume wangu ameshalegea, na mimi neno langu moja limeshapuuzwa. Akikubali huyu, nitashika nini?

Jirani alitazama uani, walikoinamia kaa mmoja wale watoto wawili. "Mchukue," alisema. "Lakini na nduguye umchukue, walinyonya pamoja. Na hao wakienda, mimi na huyu mwenzangu hatubaki. Tayarisha vyumba, dada, tunakuja na makuti yetu."

Wifi alicheka bila kutaka, kisha akafuta macho kwa ncha ya ukaya wake wa kichwani. Kesho yake alivuka feri peke yake.

Ukoo ulinisema. Walisema nimejificha nyuma ya Mgiriama. Ndiyo, nilijificha, na nafasi ilikuwako. Daraja lilimalizika, feri ikaondoka, mume wangu akafungua kibanda cha kutengeneza injini, na sisi hatukuhama.

Wifi alirudi likizo iliyofuata. Nilisimama mlangoni kumpokea, chai iko tayari. Alinipungia mkono, akanipita, akaenda kwanza nyumba ya pili, kwa jirani yangu. Alikuwa na gauni na shati, na alichokitoa kwanza mkobani kilikuwa shati.