Nilivyoshindwa Kumponda Mpwa Wangu

Timu ya mtaa wetu ilibakiwa na nafasi moja ya usajili, na dirisha lilikuwa linafungwa Jumamosi saa kumi jioni. Waliokwisha kuandikwa walikuwa ishirini na tisa. Nilihesabu mwenyewe kwenye karatasi ya katibu, kwanza kutoka juu, halafu kutoka chini, kwa sababu msimu uliopita tulimwandika beki mmoja mara mbili, kwa jina lake na kwa jina la utani, na hakuna aliyegundua mpaka siku ya mechi ya kwanza.

Sisi hatuna uwezo wa kugombea wachezaji na timu kubwa. Kila mwaka mashindano ya vyuo yakichezwa pale Maisara, tunakwenda kutazama, halafu tunarudi barzani kubishana tuchukue yupi. Mwanafunzi ana faida zake: ana pumzi, hana mke, na mazoezini anakuja kwa miguu yake. Hasara yake ni kwamba ana mtihani.

Safari hii walibaki watatu. Kipa mrefu wa chuo cha ualimu. Winga wa chuo kikuu, mwenye mbio za kutisha na krosi za kwenda barabarani. Na kiungo wa chuo cha afya, ambaye ni mtoto wa dada yangu. Huyo wa tatu ndiye aliyekuwa bora. Nasema hivyo sasa kwa kuwa hakuna tena cha kuharibu.

Siku mbili kabla ya kikao dada alinipigia simu kutoka Jambiani. Yeye analima mwani, na ada ya chuo ya mwanawe imetoka humo, kamba kwa kamba. Mwaka jana kijana aliichezea timu nyingine ya mjini, akafeli masomo mawili, akarudia mwaka mzima. Mwaka huu ndio wa mwisho, na chuo kimeshamwambia: akifeli tena, anaondoka bila ya cheti.

"Nshasikia mnamtaka," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Jambiani nako kuna simu. Sikiliza, mdogo wangu. Mimi sikuombi kitu kila siku. Huko barzani kwenu wanakusikiliza. Mseme vibaya. Sema lolote, sema hata mguu mmoja mfupi, lakini asiandikwe."

"Si umwambie mwenyewe akatae?"

"Nshamwambia. Kanijibu, 'Sawa, mama.' Na mwaka jana alinijibu hivyo hivyo."

Nikaahidi. Niliiona kazi nyepesi. Mimi nauza viatu vya mitumba Darajani, mwaka wa kumi na saba huu, na kuponda mali ndiyo kazi yangu ya kila asubuhi. Robota la viatu likifunguliwa, kiatu nnachokitaka zaidi ndicho nnachokitukana zaidi. Soli imekufa, ngozi ya bandia, aliyekivaa alikuwa na miguu ya bata. Halafu nakinunua.

Alhamisi baada ya sala ya alasiri tukakaa. Barza yetu ni ya saruji, nje ya duka la kanga la mzee mmoja wa Kihindi. Babu yake ndiye aliyelifungua duka hilo, na yeye hajawahi kukosa mechi yetu, tukishinda au, kama kawaida, vyenginevyo. Tulikuwa watu kumi na wanne, pamoja na mimi na muuza kahawa, ambaye anapiga kura kwa kuwa birika ni lake. Katibu alikaa katikati, daftari mapajani.

Fundi cherehani wa mtaani kwetu alianza na winga wake. "Mbio zile mliziona? Mpira ukimpita anaufuata mpaka anaupita yeye."

"Si ndiyo tabu yenyewe," akasema muuza kahawa. "Anaupita."

"Na kipa?" akauliza katibu.

"Kipa ni mrefu, hilo halina ubishi," akasema mzee wa kanga. "Lakini akishaanguka, kuinuka mpaka aombewe dua."

Nikaona zamu yangu imefika. "Kiungo yule wa chuo cha afya mimi siwashauri," nikasema.

"Mpwa wako?" Katibu akaacha kuandika.

"Mpwa wangu, ndiyo maana namjua. Mvivu. Mguu wa kushoto hana, ule ni wa kupandia ngazi tu. Na ana hasira, akinyang'anywa mpira ananuna robo saa nzima."

Fundi akakiweka chini kikombe chake. "Hebu rudia hapo kwenye mguu."

"Wa kupandia ngazi tu."

"Na lile bao la juzi alifunga kwa mguu gani?"

"Lile lilikuwa bahati."

Nikaendelea. Nikasema kifua chembamba. Nikasema vumbi likiruka anakohoa. Nikasema usiku hapati usingizi, na mchana usingizi wote unamrudia. Kadiri nilivyomtukana ndivyo walivyozidi kusogea, na mzee wa kanga alikuwa ameanza kutabasamu.

"Mnamsikia mtu huyu?" akawauliza wenzake. "Mwaka ule aliponunua baiskeli yangu aliitukana wiki nzima. Alisema hata kengele ina mafua. Haya, baiskeli ile iko wapi?"

Wote wakageuka kuitazama. Ilikuwa imeegemea ukuta, mahali pake pa kila siku.

"Basi kwisha," akasema fundi. "Viatu vyake vyenyewe hajawahi kuvitukana namna hii, na huyu ni damu yake. Mtoto ni dhahabu. Katibu, andika."

"Usiandike! Mimi nasema kweli."

"Wewe kila siku unasema kweli," akajibu mzee.

Nikajaribu upande wa pili. Nikamsifu winga. Nikasifu mbio zake, nikazisifu hata zile krosi, nikasema zinahitaji mpokeaji mwenye akili tu. Fundi akanikazia macho. "Winga wangu umsifu wewe? Ana nini? Ana goti bovu?" Tangu hapo hakulitaja tena jina la mchezaji wake.

Ikanibidi niseme wazi. "Jamani, dada yangu hataki. Kijana akifeli safari hii, chuo basi. Mimi nimemuahidi mama yake."

Nikadhani wameelewa.

"Haya," akasema muuza kahawa kwa sauti ya chini, ya mtu anayetaka kumaliza biashara. "Dada anataka nini ili akubali?"

Nikainuka, nikavaa makubadhi, nikaondoka. Niliondoka kweli, kwa hasira, na nilikuwa nimefika hatua ya nane niliposikia nyuma yangu: "Rudi, bwana! Rudi tuzungumze!" Walikuwa wanacheka. Kuondoka huko nako wanakujua. Kila siku wananiona nikiwafanyia wauzaji, na wauzaji wananiita kwa maneno hayo hayo. Nikarudi. Nisingerudi, kura wangehesabu wao.

Mikono iliinuliwa. Winga alipata mmoja. Kipa alipata mitatu. Mpwa wangu alipata tisa, wa fundi ukiwa wa mwanzo kuinuka. Wangu sikuuinua. Nikahesabu, nikarudia kwa kuanzia upande wa pili wa barza, ikawa ni ile ile.

Katibu akanipa fomu. "Wewe ndiye mjomba wake. Mpelekee aweke saini."

Ningeweza kuichana njiani, lakini watu kumi na watatu walikuwa wameniona nikiichukua, na kijana angesikia kabla sijafika kwangu. Jumamosi asubuhi nikaenda hospitali anakofanya mafunzo. Akatoka na koti jeupe, limepigwa pasi, na kalamu mbili mfukoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

Tukakaa kwenye benchi la wanaosubiri wagonjwa wao. Aliisoma fomu kurasa zote mbili, kama vile haijui.

"Kura ngapi?"

"Tisa, katika kumi na nne."

"Na yule kipa?"

"Tatu."

"Fundi kampa winga wake?"

"Fundi kakupa wewe."

Akainamisha uso ili nisiuone, lakini mabega yalikuwa yanacheka. Hajawahi kusajiliwa kwa kura za watu. Kule alikocheza mwaka jana alikuwa mtu wa kuingizwa mechi ikibakia dakika kumi.

"Mama anasemaje?"

"Mama yako hataki. Kanituma nikuponde. Nimekuponda, hawakuniamini."

"Na wewe?"

Suali kama hilo kwa kawaida silijibu moja kwa moja. Nauliza mimi kwanza, natazama mtu anasimama wapi. "Mimi nakuona wewe ndiye kiungo bora niliyemuona Maisara," nikamwambia, "na sitaki uandikwe."

Akakaa na karatasi gotini. Mtu akamwita kutoka ndani. "Naam!" akaitikia, akainuka, akaketi tena.

"Mtihani wa mwisho na mechi ya tatu ni siku moja," akasema. "Ratiba nshaitazama. Wiki nzima naitazama."

Akaikunja fomu mara nne. Hakunipa mkononi, akaiweka kwenye benchi, baina yangu na yeye. "Mwandikeni kipa," akasema, akaenda zake. Akaingia mlango usio wake, akatoka, akaingia wa pili.

Kipa akaandikwa saa tisa na nusu. Barzani mpaka leo wanaamini kwamba mimi ndiye niliyeharibu biashara. "Ulikaza mno, bwana," fundi ananiambia kila tukifungwa. "Ungelegeza kidogo tu." Sibishani naye.

Jioni ile ile nikampigia dada, nikamwambia kijana hakuandikwa.

"Umemkatalia wewe, au kakataa mwenyewe?" akauliza.

"Mwenyewe."

Nikamsikia akishusha pumzi, pumzi ndefu. Nilidhani atashukuru na kukata simu.

"Kaumia?"

Jibu jepesi nilikuwa nalo, la kumpunguzia, lakini sikulitoa. "Kaumia, dada," nikasema.

Akasema, "Basi mchukue leo akale kwako. Mimi ntakuja na gari ya asubuhi."

"Kesho si bamvua, siku ya maji kupwa sana? Na mwani je?"

"Jirani atanivunia," akasema. "Mwambie nnakuja."