Renee na Bunduki za Verlin Pruett

Kaunti zingine zina sheria. Sisi tulikuwa na Garth Mulkey. Sherifu wetu, mkuu wa polisi tuliyemchagua kwa kura, alihudhuria semina ya siku mbili kuhusu Katiba, akarudi amegundua kwamba humu kwetu hakuna mkubwa kumshinda, awe gavana au rais. Wakati wa korona aliapa hatamkamata mtu kwa kukosa barakoa, watu wakamshangilia hadi kanisani. Baadhi yao tuliwazika baadaye, na sherifu alihudhuria mazishi yote kwa heshima kubwa.

Bosi alipokuwa akiifasiri Katiba, kazi ilifanywa na naibu wake, Renee Tollefsrud, mjane mpole aliyependa kuvua samaki mtoni kuliko kusikiliza hotuba.

Kisha ikaja amri ya jaji: Verlin Pruett, aliyemwelekezea mkewe Coleen bastola wakati wa chakula, anyang'anywe silaha zote. Mulkey aliisoma, akasema sheria iliyompa jaji nguvu hiyo imetungwa na walaji wa saladi wa makao makuu ya jimbo, naye haitambui. Renee akauliza, na Coleen je? Sherifu akamjibu kwamba Coleen naye ana haki ya kikatiba ya kujinunulia bunduki.

Jumamosi asubuhi Renee alimkuta Verlin akiosha gari lake.

"Garth kasema hakuna wa kugusa bunduki zangu."

"Garth hayupo, Verlin. Nipo mimi. Fungua kabati."

"Utafukuzwa kazi, dada."

"Najua. Fungua."

Verlin aliuangusha mpira wa maji, ukamwagika miguuni pake. Kisha akaingia ndani akafungua. Renee alibeba bunduki moja baada ya nyingine, na ile bastola, uso umetulia kabisa.

Hakuzipeleka kituoni kwao. Alizikabidhi kwa polisi wa jimbo, ambako mkono wa Mulkey haukufika.

Jumatatu, mtu aliyejijengea jina kwa kukaidi amri alimfukuza Renee kwa kosa la kukaidi amri. Novemba tukamchagua Mulkey tena, kwa kura nyingi kuliko mwanzo.

Renee sasa anaendesha gari la kuondoa theluji barabarani. Coleen yuko hai, anaishi kwa dada yake, na Jumapili huja kula kwa Renee. Ukimuuliza Renee kama anajuta, atakwambia mshahara wa theluji ni mdogo, ila theluji haihutubii mtu.