Bomba la Kuanikia Makoti

Sisi tuliotoka Bungoma tulidhani tunajua baridi, mpaka tulipoajiriwa Kitale. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, katika kiwanda kidogo cha maziwa, nami nilikuwa fundi wa mabomba. Bomba moja la mvuke lilipita nyuma ya jikoni. Lilikuwa limevishwa sufi ya kioo ili joto lisipotee, na juu ya sufi bati linalong'aa. Asubuhi za mvua tulianika juu yake makoti yaliyolowa. Kando yake mama wa chai aliweka kigoda chake, akaegemeza mgongo.

Nilipoambiwa nikague mabomba kabla ya nguvu ya mvuke kuongezwa, nilianza kwa kuyaondoa makoti.

"Fundi, umeanza fitina," mama wa chai akasema. "Hii bomba inanitunza kuliko bwana."

"Mama, maji ya makoti yanapenya kwenye maungio ya bati. Sufi inayanywa, inakaa nayo, na chuma kinaoza polepole."

"Ati chuma ioze na bati inang'aa hivi? Wacha uongo, bana!" akadakia dereva wa lori la maziwa.

"Haya, fikirieni gambuti. Nje umeiosha, inameta. Ndani soksi imelowa tangu Jumatatu. Vidole vikoje?"

"Soksi zako tunazijua," mama akajibu, wakacheka wote. Kigoda hakukihamisha.

Jumapili mvuke ulizimwa. Mama alikuja moja kwa moja kutoka kanisani, kulinda kona yake. Nikavaa glavu, nikafungua bati pale pale alipozoea kuegemea. Niliikamua sufi kama tambara la kupigia deki, yakatiririka maji ya rangi ya chai. Kutu ikabanduka vipande vipande. Nikagusa chuma kwa bisbisi. Ikazama hadi kwenye mpini.

"Mama," dereva akasema, "nguvu ya mvuke ikiongezwa, ungechemka kabla ya maziwa."

Mama hakucheka. Alijipapasa mgongo, kisha akatazama bomba lingine lililopita juu ya jiko lake.

"Na ile ingine, fundi? Huko hakuna makoti."

"Kuna mvuke wa sufuria zako. Maji ni maji, mama."

Akazima jiko kabla chai aliyotuinjikia haijachemka, akaburuta ngazi, akaishika kwa mikono miwili.

"Panda," akaniambia. Akamgeukia dereva. "Na wewe unayengoja chai, kuja ushike hii bati."