Vichwa Nusu Mbele ya Ofisi ya Bima

Mtaa mzima ulimwita Mama Chanuo, na hata mumewe, aliyekuwa mwashi, alimwita hivyo hivyo, maana chanuo halikubanduka nyweleni mwake. Kusuka alifundishwa na mama yake tangu utotoni, kwanza kwa nyuzi za magunia, kisha kwa vichwa vya wadogo zake, wakilia kama wanachinjwa. Mama yake alimwachia sheria moja tu: kichwa hakitoki nusu. Umeme ukatike, paa livuje, uchungu ukushike, malizia kichwa cha mtu kwanza. Na kweli, kifungua mimba wake nusura azaliwe pale saluni, kisa bibi harusi alikuwa hajamaliziwa kisogo.

Basi mwanamke huyo huyo ndiye aliyekuja kuivunja sheria hiyo, mchana kweupe, mji mzima unatazama.

Mumewe alianguka kutoka juu ya jukwaa la ujenzi, nyonga ikavunjika. Daktari akasema apasuliwe upesi, mfupa usije ukaunga upande akabaki mtu wa kubebwa. Mama Chanuo hakutetereka. Bima si alikuwa nayo? Alichangia mwaka nenda mwaka rudi, nyumba nzima haijawahi kudai hata dawa ya mafua. Kampuni ikajibu kwamba haitalipa, kwa kuwa mgonjwa alikuwa akiumwa mgongo kabla hajajiunga.

"Mgongo!" alifoka pale saluni, rasta zikimning'inia mkononi. "Mwashi gani haumwi mgongo? Mtu kavunjika nyonga, wao wanasema mgongo! Mbona hawakusema meno?"

"Taratibu, shoga, unaning'oa," alisema mwalimu aliyekuwa kwenye kigoda, upande mmoja umeshasukwa. "Mimi mwanangu ana pumu. Waliniambia dawa yake ni ya anasa."

"Anasa? Kupumua?"

"Kupumua, mwenzangu."

Muuza nyanya aliyekuwa akingoja zamu akaruka kutoka kwenye benchi. "Nyie mna nafuu! Mimi nilijifungua kwa kisu, wakasema ningeomba kibali kwanza. Nimwambie mtoto, baba, rudi ndani, tunasubiri muhuri?"

Saluni ikalipuka kwa kicheko, na ndani ya kicheko mlikuwa na hasira ya kuchemsha maharage. Mwalimu akajitazama kwenye kioo. Kulia mistari imelala kama shamba lililopaliliwa, kushoto timutimu.

"Si ndivyo walivyotufanya?" akasema. "Tumelipia kichwa kizima, tumesukwa nusu."

Mama Chanuo akaduwaa, mikono hewani. Akamkumbuka mama yake.

"Mwalimu, inuka."

"Hujamaliza!"

"Na simalizi. Kesho tunakwenda kwao hivi hivi. Aliyekataliwa aje, namsuka nusu bure."

Habari ya saluni haihitaji redio. Asubuhi foleni ilifika barabarani. Vidole vya Mama Chanuo vilikimbia kama cherehani, na mwisho binti yake akamkalisha yeye mwenyewe kigodani, akamsuka nusu.

Wakatoka. Lo, mji haujaona! Wenye maduka waliacha wateja, waendesha pikipiki wakasimama kupiga picha.

"Kina mama, msusi wenu kafa?" mmoja akauliza.

"Yuko mbele, naye yu nusu!"

Mlangoni mlinzi akapanua mikono. "Mna miadi?"

"Tuna vichwa!" alijibu muuza nyanya, na wote wakapita.

Meneja akashuka ngazi akirekebisha tai. "Mama zangu, nendeni mkamalizie nywele, mtajibiwa."

"Tungependa, baba," Mama Chanuo akasema kwa adabu iliyokuwa na miiba, "lakini upande wa pili haumo kwenye mpango wetu."

Ukumbi ukaitika kwa vigelegele. Mzee mmoja mwenye upara, aliyekuwa akiwasubiri hao hao wa bima, akasimama na mkongojo. "Nywele sina, lakini nimekataliwa vilevile. Binti yangu, ninyoe ndevu nusu!" Mama Chanuo akamnyoa pale pale kwa wembe wake wa kazi, watu wanashangilia kama wanaona goli.

Picha zilikwisharuka kwenye simu za watu. Simu ya meneja nayo ikaanza kulia, na kila alipoipokea alisema, "Ndiyo mkubwa, ndiyo mkubwa," jasho likimtoka. Mwishowe akamvuta Mama Chanuo kando.

"Mama, la mumeo limekubaliwa. Atapasuliwa leo. Sasa nakuomba, waondoe wenzako."

Akampa karatasi yenye muhuri. Mama Chanuo alitamani kukimbia hospitali bila kugeuka nyuma. Akampa binti yake ile karatasi yenye muhuri, "Kimbia, mpe daktari mkononi mwake!" kisha akarudi katikati ya ukumbi, akavuta kiti, akachomoa chanuo.

"Kwetu kichwa hakitoki nusu," akamwambia meneja. "Wajibu mmoja mmoja. Unayemjibu, nammalizia."

Wakaanza kujibiwa. Mwalimu alimaliziwa akilia na kucheka kwa pamoja. Muuza nyanya alimaliziwa akiimba. Si wote waliopata siku ile. Yule mzee alirudi kesho yake, nusu ya ndevu ikimtangulia kama bendera, naye akapata.

Siku ile ya kwanza, ofisi ilipofungwa ndipo Mama Chanuo alipokimbilia hospitali. Kumbe alisahau kichwa chake mwenyewe. Mumewe, aliyekwisha kupasuliwa, alifumbua macho taratibu, akamkuta amemwinamia, upande mistari, upande timutimu.

"Mama Chanuo," akanong'ona kwa hofu, "umevamiwa?"

"Sikuvamiwa, mume wangu," akasema, akimshika mkono. "Mimi ndiye niliyevamia."