Mgeni alisema "refuse", mkalimani akatuambia kaikataa asali yetu

Wakuu, poleni na majukumu. Hili sikusimuliwa na mtu, nilikuwepo, na hasira bado haijaniisha.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wafugaji nyuki huku upande wa Usoke, Tabora. Form four leaver, basi.

Mwezi uliopita tulipata mnunuzi wa asali, mama mmoja kutoka nje, kaja na dereva wake, ambaye alibaki kwenye gari. Mwenyekiti wetu akasema kutafsiri si kazi ya katibu, akamleta mpwa wake kutoka mjini. Jamaa ana degree, na kila sentensi lazima aweke "actually".

Mama akafunua ndoo, akaonja, akatabasamu. Kisha akaona vipande vya nta na nyuki waliokufa wanaelea juu, akasema:

"Lovely honey. But the refuse, I can't take."

Mpwa akatugeukia: "Anasema asali nzuri, ila anakataa, hawezi kuchukua."

Nilishtuka, wakuu.

Mwalimu wetu wa English form three alikuwa anatugongesha madawati kufuata mkazo wa neno. Neno likiwa jina, gonga mwanzo. Likiwa kitendo, gonga mwisho. Record, permit, object, yote hayo. Refuse ya kukataa inasikika "rif-YUUZ". Huyu mama alisema "REF-yus". Hiyo ni takataka!

Nikasimama. "Samahani mwenyekiti, hajakataa. Anasema uchafu ndio hauchukui. Tuchuje tu."

Mpwa akacheka. "Dada, refuse ni kukataa. Hata mtoto wa darasa la tano anajua."

Watu wakacheka naye. Mwenyekiti akanikazia macho: "Katibu, kaa chini. Usitutie aibu mbele ya mgeni."

Nikakaa.

Yule mama akabaki anatuangalia, anasubiri. Vitambaa vya kuchujia vilikuwa pale pale mezani, hakuna aliyevigusa. Mwisho akaaga, gari likaondoka.

Siku tatu baadaye dereva wake akanipigia. "Dada, mama anauliza mbona mligoma kuchuja? Ilibidi tukajazie gari kwa wafugaji wa Kigwa."

Nilienda mpaka kwa mwenyekiti. Hiyo shikamoo niliitoa kwa meno. Nikamweleza yote. Mnajua alijibu nini?

"Lafudhi za wazungu nazo zinachanganya."

Basi! Pole hakuna. Mpwa alisharudi zake mjini na nauli ya kikundi. Asali yetu ikaishia kwa mlanguzi kwa bei ya kutupa.

Ila aliyenimaliza ni Mzee Kasanda, mwenzetu aliyesomba ndoo zake kwa baiskeli kutoka porini. Nilipomwambia ukweli hakufoka. Aliniuliza taratibu:

"Sasa mwanangu, mgeni si alikuwa mbele yako? Mbona hukumwambia mwenyewe?"

Niliogopa English yangu ichekwe mara ya pili. Kwa woga huo mzee wa watu kapoteza jasho la msimu mzima.

Nilichojifunza: kama una uhakika, ukiambiwa kaa chini, usikae. Sema hata kwa broken, aliye mbele yako ataelewa.

Nani hapa kashanyamazishwa na msomi asiyejua? Mwaga kisa chako. Na anayekuja kunikumbusha kwamba mwenyekiti hapingwi, apite kimya. Leo sina hiyo adabu.