Taa ya Mdogo, Mashine ya Dada

Hospitali nzima ilimwita Dada Eksirei, maana ndiye aliyepiga picha za mifupa, na kazi yake aliijua barabara. Ila kijiba cha roho alikuwa nacho, tena kwa mdogo wake wa tumbo moja, aliyefanya kazi mlango wa pili, akiwamulika wenye maumivu kwa taa ya infraredi. Kwa mdogo watu walitoka wamelegea kwa joto, wanacheka. Kwake walitoka wakiuliza, "Kwani umeshapiga?"

Hao angewavumilia. Aliyemchoma ni mama yao. Tangu ateleze bafuni akaumia kifundo cha mkono, mama hakubanduka kwenye taa ya mdogo, na nyumbani sifa zote zilikwenda huko huko.

"Mama, joto haliungi mfupa. Njoo nikupige picha."

"Mashine yako baridi. Ya mwenzio naisikia."

"Ni ukoo mmoja wa mawimbi, mama! Redio, maikrowevu, infraredi ya huyo kipenzi chako, mwanga, urujuanimno, eksirei, gama. Wimbi langu ni fupi kuliko lake na lina nguvu zaidi. Linapita nyama!"

"Linapita, sawa. La mwenzio linakaa."

Alinuna siku nzima. Hatimaye daktari akaagiza picha, na Dada Eksirei akafurahi waziwazi, Mungu amsamehe: sasa mama atajua mtaalamu ni nani. Lakini mama alipomwona anaelekea nyuma ya ukuta, mkono ukaanza kutetemeka. Picha ya mkono unaotetemeka haifai kitu.

"Usiniache."

"Kitufe kiko huku, mama."

"Basi niitie mdogo wako."

Akamwita, afanyeje? Akamvalisha aproni ya risasi ya kukinga mionzi, akamkaza kamba kwa hasira mpaka mdogo akaguna. Kisha akaenda nyuma ya ukuta, akachungulia kiooni. Mdogo alikuwa amemshika mama vidole, na mama ametulia tuli. Akabonyeza.

Mfupa ulikuwa na ufa, kama alivyosema siku zote. Hakuutazama sana. Macho yake yalinasa juu ya kifundo, mahali mifupa ya vidole vya mdogo ilipopishana na ya mama, na wivu ukampanda. Kifundo kilikuwa kimetoka vizuri. Hapakuwa na haja ya kurudia. Akashika kipanya, akaikata picha pale juu mpaka vidole vyote vikaondoka, vya mdogo na vya mama pia, ndipo akaituma kwa daktari.