Ndege ya Tatu Juu ya Beni

Niliingia kazi ya uwanja wa ndege kwa sababu ya Kifaransa. Nilikuwa mwalimu wa sekondari ya Waprotestanti huko Masereka. Vita vilipofika milimani, shule ikafungwa, nikateremka Beni kwa dada wa baba yangu. Pale uwanjani walitafuta mtu wa kukaa kwenye foni, yaani ile redio ya kuongea na marubani, na yule wa kwanza alikuwa amekimbia. Walinipa chumba kimoja chenye dirisha, betri, kaye ya kuandikia, na kiti kilichovunjika mgongo.

Rada hatukuwa nayo. Nilichojua kuhusu mbingu ya Beni ni kile marubani walichoniambia wenyewe: niko hapa, nimefika pale, ninashuka. Mimi nilimwambia huyu habari za yule. Ndege mbili zikikaribiana nilimtajia mmoja mahali mwenzake alipo, naye akijibu « je l'ai en vue », kwamba anamuona, basi mambo yalikuwa yamekwisha. Kuanzia hapo alijiangalia kwa macho yake asigongane naye. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kwa siku mbili, na mwanzoni sikuona ubaya wowote.

Watu hawakuniamini. Sokoni wanawake walikata maneno nikipita. Kanisani, mwenzangu wa kwaya aliniuliza, « Ndege ya jana ilileta nini? » Nikamwambia dawa na sabuni. Akanitazama kama mtu anayehesabu uongo. Na kusema kweli, mimi pia nilikuwa na mashaka yangu. Kuna siku nilisikia mlio wa injini juu ya mawingu, lakini kwenye foni kimya kabisa. Niliita, hakuna aliyejibu. Mara ya kwanza niliandika kwenye kaye: mlio, hakuna sauti. Kesho yake ukurasa ule haukuwepo. Ulikuwa umechanwa vizuri, karibu na uzi. Komanda wa wanajeshi waliolinda uwanja ndiye peke yake aliyekuwa na ufunguo mwingine wa chumba changu. Sikumuuliza. Nikaacha kuandika milio.

Asubuhi ninayoikumbuka kuliko zote, yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, alikuwa akitoka Butembo. Alikuwa muuguzi, na barabara ya Butembo ilikuwa imefungwa na mapigano, kwa hiyo alisindikiza sanduku la chanjo kwenye ndege ndogo ya kanisa. Rubani wake alikuwa Mzungu mtu mzima, mwenye miaka mingi kwetu, aliyeongea Kiswahili cha Bunia vizuri kuliko baadhi yetu. Yaya alikaa mbele karibu naye, upande wa kulia.

Wakati huohuo ndege kubwa ya mizigo ilikuwa inakuja kutoka Isiro. Kulikuwa na moshi wa mashamba yaliyochomwa, na ukungu chini yake. Nikamwambia rubani wa ndege ndogo, « Kuna ndege ya mizigo mbele yako, upande wa kushoto, inakuja kushuka. »

Akajibu kwamba anaiona.

Rubani wa mizigo akaniuliza, « Yule mdogo anatuona? »

« Ndiyo, anasema anawaona. »

« Vizuri. »

Nikaweka kalamu chini. Ninaikumbuka ile nafuu niliyoisikia, na hadi leo inaniudhi.

Dakika chache baadaye foni ilitoa kelele, neno moja ambalo sikulielewa, kisha sauti ya mwanamke analia. Ilikuwa sauti ya yaya wangu. Nilikimbia nje. Niliona ndege kubwa imegeuka na kuja kushuka kutoka upande wa kulia, na chini yake kabisa ile ndogo imelala ubavu, inajichomoa. Mwanajeshi mmoja kwenye nyasi aliinama na kufunika kichwa. Ndege kubwa ilishuka kana kwamba hakuna lililotokea. Ndogo ilizunguka mara moja, ikatua nyuma yake.

Rubani wa kanisa aliingia chumbani kwangu na jasho hadi kwenye mkanda. Yaya alimfuata amekumbatia sanduku la chanjo.

« Mama, ulinipa ndege ya bongo, ya uongo! » rubani alisema. « Uliniambia kushoto. Niliiona kushoto. Ilienda zake. »

« Wewe ndiye ulisema unamuona. »

« Nilimuona! »

« Ulimuona nani? »

Tulitazamana. Nilifikiri: huyu hakuangalia, anatafuta mtu wa kumtwika kosa. Na niliona usoni mwake kwamba yeye anafikiri mimi nimenunuliwa na mtu.

Yaya akaweka sanduku mezani. « Munyamaze kwanza. Mimi nilikuwa na macho yangu pia. Alinionyesha ndege kwa kidole, kule mbali kushoto. Niliiona, ilikuwa ya kijivu, hapana maandishi, inaenda upande wa musitu. Ikaingia mu mawingu. Yeye akapumzika, akaacha kuangalia. Halafu ile kubwa ya tumbo nyekundu ikatokea kwangu, kulia. Si ile. Zilikuwa tatu. »

Rubani alikaa kwenye kiti changu kibovu. Alikuwa ameiona ndege kweli, ila si ile niliyomwambia. Na yule wa mizigo, kwa kusikia kwamba anaonekana, naye akaacha kutafuta.

Komanda alitokea mlangoni. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini.

« Mama, leo asubuhi umepata ndege ngapi? »

Yaya alifungua mdomo. Nilimkanyaga mguu.

« Mbili, komanda. »

Alichukua kaye, akaisoma polepole, akanirudishia. « Ni vizuri, » alisema. « Mbili. » Aliondoka bila kufunga mlango.

Yaya alinikasirikia hadi jioni. « Tungekufa, na wewe unaandika mbili! » Nilimwambia kwamba nataka arudi Butembo akiwa mzima.

Ila rubani na mimi tulipatana siku ileile. Kwamba yeye na mimi hatutatumia tena « ninamuona » peke yake. Nitampa mahali na kimo cha mwenzake, na mmoja atangoja akizunguka kando, juu kidogo, hadi mwingine awe chini. Marubani wengine walinicheka. Walisema ninapoteza mafuta yao, kwamba mwalimu amegeuza anga darasa. Wawili walikataa kabisa, na kila waliponiambia wanamuona mtu, mimi sikuamini.

Kisha siku moja rubani yuleyule wa mizigo alikuwa anakaribia kutoka Isiro. Nilimwambia kuna ndege ndogo inatoka Butembo. Sikumaliza maneno.

« Ninamuona, » alisema. « Ninashuka. »

Mkononi mwangu nilikuwa na foni nyingine, ile ya masafa marefu, na mwenzangu wa uwanja wa Butembo alikuwa ananiambia kwamba abiria bado wanapimwa mizigo.

« Unamuona wapi? » nilimuuliza.

« Mbele yangu. Iko mbali. »

« Baba, yule unayemuona bado yuko chini Butembo. Hajawasha injini. »

Nilisikia pumzi yake kwenye foni. Sijui alikuwa ameona nini, au kama alikuwa ameona kitu chochote. Labda alisema tu ili nimwache. Lakini kama kulikuwa na ndege mbele yake kweli, basi hakuna aliyenitajia.

« Mama, » alisema mwishoni, kwa sauti ndogo, « nizungukie wapi? »

Nikampa mahali na kimo, akangoja huku tukitafuta. Hatukupata kitu. Alitua baada ya robo saa, akaja kunisalimia, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku moja.

Shule ya Masereka ilipofunguliwa nilirudi kufundisha. Ile ndege ya kijivu sikuwahi kujua ni ya nani wala ilibeba nini. Yaya wangu aliendelea kusafirisha chanjo kwa ndege ya kanisa, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Aliniambia kwamba kila safari rubani humwomba aangalie upande wa kulia, na yeye huangalia bila kupepesa, hadi magurudumu yaguse ardhi.